SOMO LA AFYA: Utafiti wa Pumwani na Safari Yake Hadi Kwenye Mapitio ya Dunia

Mtoto anapozaliwa asilie, mkunga huwa na muda mfupi sana. Miongozo inayotumika leo inataka mtoto asiyepumua awe amekaushwa, amefunikwa, njia yake ya hewa imefunguliwa, na awe ameanza kusaidiwa kwa mfuko wa hewa na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Hakuna nafasi ya kufungua kitabu wala ya kuuliza mwenzake. Atakachokifanya mkunga kwa mikono yake kiliamuliwa zamani, na watu walioketi na marundo ya tafiti wakayachambua.

Wakazi wengi wa Nairobi husikia tu kwamba “utafiti umeonyesha”. Kesho yake utafiti mwingine unaonyesha kinyume. Mama anayehudhuria kliniki Eastleigh au Kamukunji huishia kuamini lililosemwa mwisho, au lililosemwa na jirani. Makala haya yanaeleza njia ambayo wataalamu hutumia ili wasiyumbishwe hivyo, nayo huitwa mapitio ya kimfumo. Mfano wa kwanza haukutoka mbali. Ulifanyika ndani ya Hospitali ya Kujifungulia ya Pumwani.

Wadi iliyogeuka darasa

Hospitali ya Pumwani ilianzishwa mwaka 1926 ikiitwa Lady Grigg Maternity Home, jina la mke wa gavana wa wakati huo wa koloni, Edward Grigg. Leo iko chini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi na ni miongoni mwa hospitali za kujifungulia zenye shughuli nyingi zaidi katika eneo hili la Afrika. Familia nyingi za Eastlands zina angalau mtu mmoja aliyezaliwa pale.

Mwaka 2008 jarida la sayansi la PLoS ONE lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali hiyo. Waandishi wake walikuwemo Newton Opiyo, Fred Were, Aggrey Wasunna na Mike English. Swali lao lilikuwa rahisi kulitamka: je, mafunzo ya siku moja tu ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yanabadilisha kazi ya wahudumu wakiwa wodini, na si katika mtihani wa mwisho wa mafunzo?

Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria semina anajua kwa nini swali hilo lina uzito. Washiriki hula chakula cha mchana, hupewa cheti na hupigwa picha ya pamoja. Jumatatu wanarudi kazini na mambo yanaendelea kama zamani. Fedha za umma zimetumika, na hakuna anayejua kama kuna mtoto aliyefaidika.

Watafiti waliwagawa wahudumu 83 kwa nasibu. Wahudumu 28 walipata mafunzo mapema na 55 walisubiri zamu yao ya baadaye. Neno nasibu hapa lina maana kamili: hakuna aliyechaguliwa kwa sababu ni hodari, au kwa sababu anaelewana na msimamizi. Ugawaji ulikuwa kama wa kura. Kama wangechukua waliojitolea wenyewe, kundi lililofunzwa lingejaa watu wenye ari, na tofauti yoyote ambayo ingeonekana ingekuwa ya ari, si ya mafunzo.

Kisha waangalizi waliwafuata wahudumu hao kazini. Kwa majuma 7 walirekodi jinsi watoto walivyosaidiwa kupumua: mara 97 mikononi mwa waliofunzwa na mara 115 mikononi mwa waliokuwa wakisubiri. Waliofunzwa walifanya hatua za mwanzo ipasavyo katika asilimia 66 ya matukio. Wenzao walifikia asilimia 27. Vitendo visivyofaa au vinavyoweza kumdhuru mtoto pia vilipungua, kutoka wastani wa 0.92 kwa kila tukio hadi 0.53. Vitendo vya aina hiyo vinajulikana kwa wengi waliokulia na simulizi za wakunga wa zamani: kumning’iniza mtoto kichwa chini, kumpiga makofi ya mgongoni, kumwagia maji baridi. Miongozo ya leo inakataza yote hayo.

Kuna jambo dogo ambalo msomaji wa kawaida hulipita, ilhali linastahili kusimamiwa kidogo. Matukio 97 hayakuwa ya watu 97. Muuguzi mmoja aliweza kuonekana mara tatu au nne, na mtu hufanana na yeye mwenyewe. Akikosea leo, huenda atakosea vilevile kesho. Watafiti walilizingatia hilo katika hesabu zao. Walipomaliza, walikadiria kwamba waliofunzwa walikuwa na uwezekano wa mara 2.45 zaidi wa kufanya hatua hizo sawasawa, na kwamba ukweli wenyewe huenda uko popote kati ya mara 1.75 na mara 3.42. Utafiti unaotoa namba moja tu bila kutaja kingo zake mbili umemficha msomaji nusu ya habari.

Kingo hizo zina faida kubwa zaidi pale matokeo yasipokuwa wazi. Kuhusu vifo vya watoto, kadirio lilikuwa 0.77, yaani vifo pungufu kwa asilimia 23 katika kundi la waliofunzwa. Mwanahabari mwenye haraka angekimbilia hapo kuandika kichwa cha habari. Lakini kingo zilikuwa 0.40 na 1.48. Kwa maneno mengine, data hiyo ingeweza kutoka mahali ambapo mafunzo yanapunguza vifo kwa asilimia 60, na ingeweza pia kutoka mahali ambapo vifo vinaongezeka kwa karibu nusu. Watoto walioangaliwa walikuwa wachache mno kwa swali hilo. Watafiti walisema hivyo bila kuzunguka: mafunzo ya siku moja yanaweza kufuatwa mara moja na utendaji bora, ila athari zake za muda mrefu na athari zake kwa uhai wa watoto zinahitaji tafiti kubwa zaidi.

Kwa nini utafiti mmoja hautoshi

Hospitali moja ni hospitali moja. Pumwani ina wakunga wenye uzoefu wa kuona watoto wengi kwa usiku mmoja. Kituo cha afya chenye muuguzi mmoja huko mashinani hakifanani nayo. Majuma saba pia si mwaka mzima. Ndiyo maana mamlaka ya afya yanayotaka kutumia fedha kwa mafunzo hayatakiwi kuegemea utafiti mmoja, hata ukiwa mzuri kama huu.

Njia ya zamani ilikuwa kumwita mtaalamu mashuhuri na kumwomba aandike makala ya muhtasari. Mtaalamu aliandika aliyoyakumbuka, na mara nyingi aliyakumbuka yaliyokubaliana naye. Mtu anayepita Gikomba asubuhi anaelewa hatari hiyo bila kuelezwa sana. Muuzaji anapofungua bale la mitumba, huchomoa nguo za daraja la kwanza, zile zinazoitwa “kamera”, na kuzitundika mbele. Mteja akiziangalia hizo peke yake atadhani bale zima ni la namna hiyo. Anayetaka kujua ubora wa bale hana budi kuona nguo zote, pamoja na zile zilizochanika na zilizofichwa chini ya meza.

Mapitio ya kimfumo ni kulifungua bale zima mbele ya watu. Kazi huanza kwa swali lililofungwa vizuri. “Je, mafunzo yanasaidia?” si swali la kufanyia kazi. Linalofaa husema ni mafunzo gani, kwa nani, yakilinganishwa na nini, na mafanikio yatapimwa kwa kipimo kipi. Kisha timu huandika itifaki, yaani mpango wa kazi, na kuuweka hadharani kabla ya kugusa tafiti zenyewe. Tangu mwaka 2011 kuna daftari la kimataifa liitwalo PROSPERO, linalotunzwa na Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza, ambamo timu kutoka popote duniani huandikisha mipango hiyo. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa. Mtu akishaona matokeo, hushawishika kuhamisha magoli.

Utafutaji ndiyo sehemu inayochosha. Timu hupekua hazina za majarida, orodha za majaribio yaliyosajiliwa, ripoti za mikutano na marejeo yaliyo mwishoni mwa kila makala, na mara nyingine huwaandikia watafiti barua kuuliza kama wana kazi ambayo haikuchapishwa. Utafiti usioonyesha faida una nafasi ndogo ya kuchapishwa kuliko ule unaoonyesha faida; asiyetafuta nje ya majarida huletewa “kamera” pekee. Vichwa vya makala vinavyopatikana huweza kufika maelfu. Watu wawili huvisoma, kila mmoja kivyake, na kuamua kinachoingia na kinachobaki nje kwa vigezo vilivyoandikwa awali. Wakitofautiana, hujadiliana au humwita wa tatu.

Kila utafiti uliopita hupimwa udhaifu wake. Je, ugawaji ulikuwa wa nasibu kweli? Je, waliokuwa wakipima matokeo walijua nani yuko kundi gani? Je, kuna waliopotea njiani, na walipotea wengi zaidi upande mmoja? Baada ya hapo tu ndipo hesabu huunganishwa, tena zikiwa zinafanana vya kutosha. Zisipofanana huelezwa kwa maneno, kila moja kwa nafasi yake, maana kujumlisha maembe na magunia hakumsaidii mtu.

Mwisho timu hutamka kiasi cha uhakika: wa juu, wa wastani, wa chini au wa chini sana. Hapo ndipo uaminifu wa kazi yote hujulikana. Mapitio mengi mazuri huishia kusema kwamba uhakika ni mdogo, na jibu hilo humwokoa mtunga sera asinunue kitu kwa imani.

Pumwani katika mapitio

Mwaka 2010 Newton Opiyo na Mike English walichapisha mapitio katika maktaba ya Cochrane, taasisi ya kimataifa iliyojengwa kwa kazi hii. Waliuliza kama mafunzo kazini yanaboresha huduma kwa watoto wachanga na watoto wengine walio mahututi katika nchi za kipato cha chini. Tafiti zilizokidhi vigezo vyao zilikuwa mbili tu. Mmoja ulikuwa wa Pumwani. Mwingine ulitoka Sri Lanka, kuhusu mafunzo ya siku nne ya huduma muhimu kwa mtoto mchanga, nao ulionyesha utendaji bora katika chumba cha kujifungulia.

Mbili, katika dunia nzima ya nchi maskini, ambako mafunzo ya namna hiyo yalikuwa yakiendeshwa kila mwezi na kila shirika! Mapitio yalipohuishwa mwaka 2015, tafiti zilizokubalika zilikuwa bado mbili. Idadi hiyo haimaanishi kwamba hakuna aliyekuwa akifundisha. Inamaanisha kwamba ni wachache waliofundisha kwa namna inayowezesha mtu kujua kama mafunzo ndiyo yaliyoleta mabadiliko.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwa jirani. Nchini Tanzania mpango wa kuwafundisha wakunga kuwasaidia watoto kupumua, uliofanyika katika hospitali 8, ulilinganisha kipindi cha kabla na kipindi cha baada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa kila watoto 1,000, punguzo la asilimia 47. Ni habari njema mno. Hata hivyo, kulinganisha jana na leo huacha mlango wazi: huenda katika kipindi hicho vifaa viliongezeka, barabara ilitengenezwa, au kina mama walianza kufika mapema. Kazi ya Tanzania ilikuwa kubwa sana na haikuwa ya nasibu; ya Pumwani ilikuwa ya nasibu na ilikuwa ndogo. Mpitiaji makini huzisoma zote mbili akijua kila moja inaweza kubeba nini. Mapitio mengine ya Cochrane ya mwaka 2015, yakiongozwa na Eugene Dempsey, yaliyokusanya tafiti kubwa zaidi, yaliona dalili kwamba mafunzo rasmi ya aina hii hupunguza vifo vya siku za mwanzo za maisha.

Nembo yenye mistari saba

Jina Cochrane ni la daktari Archie Cochrane, aliyeandika kitabu mwaka 1972 akilalamika kwamba huduma nyingi za tiba hutolewa bila kujulikana kama zinafaa. Aliwahi hata kuwatunuku madaktari wa uzazi kijiko cha mbao, zawadi ya anayeshika mkia, kwa kuwa nyuma kuliko wenzao katika kupima kazi zao. Mwaka 1993 Iain Chalmers na wenzake walianzisha mtandao wenye jina lake huko Oxford.

Nembo ya mtandao huo ni duara lenye mchoro wa kweli wa data. Ndani yake kuna mistari saba ya mlalo, na kila mstari ni jaribio moja la dawa za steroidi kwa kina mama wanaoelekea kujifungua kabla ya wakati. Mstari wima unapita katikati. Jaribio lililo upande wa kushoto wa mstari huo linaonyesha faida, linalougusa halijaamua, na kadiri mstari wa mlalo ulivyo mfupi ndivyo uhakika ulivyo mkubwa. Chini kuna umbo la almasi, jumla ya yote, nalo limesimama kushoto pasipo shaka.

Jaribio la kwanza, la Liggins na Howie wa New Zealand, lilichapishwa mwaka 1972. Sindano za steroidi humsaidia mtoto aliye tumboni kukomaza mapafu. Majaribio mengine yakafuata, mengi yakiwa madogo, na kila moja likisomwa peke yake lilionekana halina la kusema kwa uhakika. Kama mtu angeyaweka pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1980, angeona kwamba dawa hiyo ya bei nafuu inapunguza vifo vinavyotokana na kuzaliwa kabla ya wakati kwa asilimia 30 hadi 50. Mapitio yalikuja mwishoni mwa muongo huo. Katikati hapo, watoto wengi walikufa kwa kukosa sindano iliyokuwa tayari kabatini.

Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kwa wanafunzi wa udaktari, na mara nyingi huishia hapo, ushahidi ukiwa umeshinda. Kwa Kenya hapo ndipo panapoanza sehemu ngumu.

Jibu lilipofika Kenya na kugeuka

Majaribio ya zamani yalifanyika hasa katika hospitali kubwa za nchi tajiri, penye mashine za kupimia umri wa mimba na wadi za watoto wachanga zenye vifaa. Watu wakauliza, kwa haki kabisa, kwa nini dawa hiyo isipelekwe hadi vijijini. Jaribio kubwa lilifanyika katika nchi sita: Argentina, Guatemala, India, Pakistan, Zambia na Kenya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet na kuwashtua wengi. Kwa watoto wadogo zaidi, waliokusudiwa kusaidiwa, vifo havikupungua. Na kwa watoto wote katika maeneo yaliyopata mpango huo, vifo vilikuwa 27.4 kwa kila 1,000, dhidi ya 23.9 katika maeneo ya kulinganisha. Ni ziada ya vifo vitatu na nusu kwa kila watoto 1,000. Dalili za maambukizi kwa kina mama nazo ziliongezeka.

Ilikuwaje dawa iliyookoa Auckland ikaonekana kudhuru kwingine? Sehemu ya maelezo ni kwamba umri wa mimba ulikuwa mgumu kujulikana, na wengi waliopewa dawa hawakujifungua kabla ya wakati. Walibeba hatari bila faida. Jambo jingine ni kwamba mtoto aliyekomazwa mapafu bado anahitaji joto, maziwa na kinga dhidi ya maambukizi baada ya kuzaliwa. Mwaka huohuo wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yenye masharti: dawa itolewe pale umri wa mimba unapojulikana kwa uhakika, mama hana maambukizi, na kituo kina uwezo wa kumhudumia mama na mtoto mchanga.

Hapo ndipo neno “kuhuisha” linapata uzito wake. Mapitio ya Cochrane kuhusu steroidi yaliyotolewa mwaka 2017 yalikuwa na tafiti 30 na kina mama 7,774. Hayo yalikuwa mapitio halali kabisa, lakini yaliacha swali la hospitali za nchi kama Kenya likiwa limening’inia. Shirika la Afya Duniani likaendesha jaribio jipya katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Nigeria, Pakistan na Kenya. Kina mama 2,852 walishiriki, wote wakiwa na mimba za kati ya majuma 26 na majuma 33 na siku 6. Nusu walipata deksamethasoni na nusu walipata sindano isiyo na dawa. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi: vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopata dawa na asilimia 23.5 kwa wenzao. Ripoti ilitoka mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine.

Tofauti ya jaribio la 2015 na la 2020 haikuwa katika dawa. Ilikuwa katika mahali na namna: hospitali zenye uwezo, umri wa mimba uliopimwa vizuri, na wahudumu wa kumfuatilia mtoto. Mtu aliyesoma la 2015 peke yake angeitupa dawa. Aliyesoma nembo peke yake angeigawa kila mahali. Wote wawili wangepoteza watoto.

Mapitio ya Cochrane yalitolewa upya mwaka 2020, sasa yakiwa na tafiti 27, kina mama 11,272 na watoto 11,925 kutoka nchi 20. Majaribio 10 kati ya hayo yalifanyika katika nchi za kipato cha chini au cha kati. Kadirio la vifo vya watoto wachanga lilikuwa pungufu kwa asilimia 22, na uhakika ukatajwa kuwa wa juu.

Msomaji makini atauliza: tafiti zilikuwa 30, mpya zimeongezwa, inakuwaje zibaki 27? Jibu ni kwamba sita za zamani ziliondolewa, kwa kuwa mapitio hayo sasa yanapokea tu tafiti zinazopita vigezo vya kuaminika vilivyowekwa mapema. Huenda hilo ndilo jambo linalowashangaza watu kuliko yote katika kazi hii. Kuhuisha hakumaanishi kuongeza tu mbao juu ya mbao. Ni pamoja na kuchomoa iliyooza, hata kama imekuwa ikishikilia ukuta kwa miaka.

Kutoka maktaba hadi ukutani

Mapitio yenyewe hayatoi amri. Husema kinachojulikana na kwa uhakika gani. Uamuzi huchukuliwa na jopo ambalo huongeza maswali mengine: gharama, wahudumu waliopo, kina mama wanataka nini, umeme ukikatika itakuwaje. Nchini Kenya Wizara ya Afya, pamoja na watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chama cha Madaktari wa Watoto, wamekuwa wakitoa kijitabu cha miongozo ya tiba kwa watoto tangu katikati ya miaka ya 2000. Kimerudiwa mara kadhaa, yakiwemo matoleo ya 2013 na 2016, na kwa baadhi ya mada majopo ya wataalamu wa humu nchini yaliketi, yakapewa mapitio ya kimfumo na kupiga kura juu ya mapendekezo. Mchoro wa hatua za kumsaidia mtoto asiyepumua, ule ambao mkunga huujua kwa moyo, ni sehemu ya miongozo hiyo.

Kwa sababu hiyo, mabango ya zamani yaliyobandikwa ukutani yana hatari yake. Karatasi iliyofifia yenye hatua za toleo lililopita huendelea kufundisha wanafunzi wa uuguzi wanaopita hapo kila muhula. Msimamizi wa wadi anayeandika tarehe kwenye kila bango, na kulishusha toleo jipya likifika, anafanya kazi ileile ya waliochomoa tafiti sita.

Nacho kituo chochote kinachopokea mafunzo mapya kinaweza kuiga Pumwani kwa kiasi kidogo bila kuwa taasisi ya utafiti. Nafasi za mafunzo zikiwa chache kuliko wahudumu, kura ya haki inaweza kuamua nani atatangulia. Kumbukumbu za wadi zikitunzwa kwa namna ileile kabla na baada, kwa waliokwenda na waliosubiri, kaunti itapata jibu ambalo orodha ya mahudhurio haiwezi kulitoa. Endapo data hizo zitatumika kwa utafiti wa kuchapishwa, idhini ya kamati ya maadili ni lazima kabla ya kuanza.

Mkazi anayetaka kusoma mwenyewe anaweza kuanza na muhtasari wa lugha nyepesi ambao Cochrane huuweka kwenye tovuti yake bila malipo. Baadhi umetafsiriwa kwa Kiswahili. Kabla ya kusoma matokeo, atafute kwanza mstari unaotaja tarehe ya mwisho ambayo waandishi walitafuta tafiti. Kisha aangalie tafiti zilizojumuishwa zilifanyika nchi gani, na katika vituo vya aina gani. Wahudumu wa afya ya jamii wa Pumwani na Majengo wakiulizwa na kina mama kuhusu dawa au mazoea fulani, wanaweza kulipeleka swali hilo kwa muuguzi msimamizi wa kituo kilicho karibu, likiwa limeandikwa kamili: kitu gani, kwa nani, kwa kulinganisha na nini.